Aliyekaa Upande wa Kushoto

Wageni wanaokuja kwangu hapa Nkoma, mjini Mbale, hasa wanawake wa kwetu wanaojua kusuka, hawakai sana kabla ya kukitupia jicho kile kifuniko cha chakula kilichotundikwa ukutani. Sisi Wanubi tunakiita tabaga: duara pana la ukindu uliotiwa rangi, la kufunikia sinia. Mgeni hukishusha, hukigeuza, hufuata mzunguko wake kwa kidole kuanzia katikati, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Hii alisuka nani? Mbona inakwenda nyuma?" Nami humwambia ni ya dada yangu Zamzam, ambaye tumemzika mwaka huu. Hapo hukirudisha ukutani upesi, na mwingine hujifuta mikono kwenye kanga.

Siwalaumu. Nikikisogeza puani bado kina moshi wa ubani na ule uchachu wa kisira, mkate wetu mwembamba wa unga uliochachushwa, na harufu hizo mbili zikikutana hunirudisha moja kwa moja kwenye nyumba yetu ya Jinja. Nywele hunisimama. Mimi mtu mzima mwenye wajukuu, na nywele hunisimama kwa sababu ya kifuniko cha chakula.

Ninyi mliokua enzi zile mnazikumbuka nyumba zile za mabati, upande wa barabara inayoteremka kwenda Masese. Mama yetu alifariki siku niliyozaliwa mimi, na baba alikuwa dereva wa malori katika kambi ya jeshi. Aliyetulea ni mama yake baba, Habuba, kwani ndivyo tunavyomwita bibi. Alikuwa mwembamba, mkali, mpenda kahawa, na kila jambo duniani alikuwa ameshalijua kabla hujamaliza kulisema.

Zamzam alinizidi miaka minne. Habuba alisimulia kwamba alizaliwa mzima, akaanza kusimama, kisha ikaja homa na degedege iliyomtikisa tangu asubuhi hadi magharibi. Alipopona, mkono wake wa kulia ulikuwa mzito, na mguu wa kulia ukawa unakokota kidogo. Mtoto akaanza kufanya kila kitu kwa kushoto. Sasa mnajua kwetu mkono wa kushoto ni wa kazi gani. Habuba akawa anaufunga kwa kitambaa wakati wa chakula, ili Zamzam ale kwa kulia kama Mwislamu. Zamzam akifungwa hivyo, hasemi neno hata moja mpaka sinia liondolewe. Nililitazama jambo hilo siku baada ya siku, nikafikia uamuzi wangu wa kitoto: maneno ya dada yangu yanakaa kwenye mkono wa kushoto.

Kisha kulikuwa na kile kifafa. Mitaani tulikuwa tumewaona wenye kifafa. Mtu huanguka, hutoa povu, haongei, na majirani hukimbia wakiogopa mate yake yasiwaambukize, maana ndivyo watu walivyoamini. Cha Zamzam hakikuwa hivyo. Kilianzia kwenye kona ya kulia ya mdomo, ikawa inaruka kidogo kama mtu anayekonyeza. Kikashuka kwenye mkono wa kulia, mguu wa kulia, na kichwa kikavutwa taratibu kuelekea kulia. Nusu yake moja ilitikisika mpaka kitanda kikalia. Nusu ya kushoto ilikaa imetulia kabisa, mkono umelala juu ya shuka. Na kutoka kwenye mdomo ule uliopinda alikuwa akiongea.

"Mkono unaondoka," alisema, polepole, kama mtu anayetangaza mgeni mlangoni. "Umefika kwenye kiwiko. Umefika begani. Nishikeni."

Ilikuwa sauti yake, lakini imepoa, haina cheko wala kilio. Na ilikuwa kwa Kiswahili, lugha ya kambini tuliyoijua kutokana na baba na wenzake, wala si Kinubi cha Habuba. Mtaani kwetu Kiswahili kilikuwa ni cha askari. Mtu aliyekisikia kikitoka nje ya dirisha usiku alizima taa kwanza, ndipo akauliza.

Habuba hakuhitaji kuambiwa ni nani anayeongea. Babu yake mwenyewe alikuja kutoka Sudani na bunduki begani, akafia katika nchi hii. Kwa Habuba, huyo ndiye aliyekuwa akija kukaa kwenye bega la kushoto la Zamzam. Alimwita Efendi, kama askari wa zamani walivyomwita mkubwa wao. Dada yangu akianza tu kupinda mdomo, Habuba alikuwa akivua viatu, akitia ubani kwenye kijiko cha makaa, na kumimina kikombe cha kahawa. "Efendi, karibu. Efendi, unataka nini kwetu?" Na sheria ilikuwa moja: mtu aliyepandwa hashikwi. Ukimshika, aliye juu yake atahamia kwako. Sote tulisimama ukutani, moshi ukipanda, na ile sauti ikisema, "Nishikeni. Nishikeni mkono," na mkono wa kushoto ukinyanyuka kutoka kwenye shuka na kufungua vidole.

Mimi nilijua kinachoendelea kuliko hata Habuba, au ndivyo nilivyodhani. Niliamini nina dada wawili waliogawana mwili mmoja. Wa kulia ndiye aliyenifundisha kuruka kamba na kuniita kichwa cha boga. Wa kushoto alikaa kimya akimsubiri wa kulia aumwe, ndipo atoke aombe mkono wa mtu. Nililala kitanda kimoja na Zamzam, na kila usiku niliingia upande wa kulia, ukutani. Alinicheka. "Wewe kichwa cha boga, huko kuna kunguni." Sikujali kunguni.

Vita vilipokaribia, malori ya kambini yalianza kupita kuelekea mashariki, yamejaa askari, magodoro na majokofu. Baba alikuja mchana mmoja, injini haikuzimwa. Alitukumbatia, akamwambia Habuba maneno sikioni, akaenda kaskazini na lori lake. Hatukumwona tena. Baada yake ukaja ukimya wa mji uliofungwa maduka, halafu milio ya bunduki, halafu watu wa mtaani tuliokuwa tukiazimana nao chumvi wakaanza kutuonyesha kidole. Mnubi alikuwa ni askari, hata akiwa kikongwe na watoto wawili. Kila aliyekuwa na hasira na ile serikali iliyoanguka alitaka mtu wa kumlipisha, nasi tulikuwa karibu.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nalongo, Msoga aliyetoka Buwenge, mama wa mapacha na muuza samaki, alitufuata mlango wa nyuma na kutupeleka Masese kwenye stoo yake ya mukene, wale dagaa wa ziwani. Chumba cha mbao bila dirisha, magunia hadi juu, na harufu iliyokaa kwenye nywele zetu muda mrefu baadaye. Tulikaa nyuma ya magunia, Habuba, Zamzam na mimi. Mwanga uliingia kwenye nyufa za mbao kwa mistari, na vumbi la samaki lilielea ndani yake. Nalongo alituletea viazi na maji, akisema neno moja tu kila alipotoka: "Kimya."

Basi ilikuwa adhuhuri, joto limebana, tukasikia vijana wenye bunduki wakipita stoo hadi stoo. Walikuwa wa upande gani, hadi leo sijui. Walipiga milango kwa mateke, walicheka, na mahali fulani mwanamke alikuwa akiomba. Tulimsikia Nalongo nje akisema kwamba humu hamna kitu, ni mukene tu. Ndipo nikaona kona ya mdomo wa dada yangu ikiruka.

Habuba aliona pia. Nilimwona uso ukimgeuka rangi. Hakuwa na ubani, hakuwa na makaa, hakuwa na kahawa. Alivua viatu vyake tu, akaviweka pembeni kwa adabu, akapiga magoti. "Efendi," alinong'ona, "nyamaza. Nakuomba, watoto watakufa. Nyamaza."

"Mkono unaondoka," alisema Zamzam. Hakusema kwa kunong'ona.

Nje kicheko kilikatika. "Nani iko ndani huko? Toka mbio!"

"Umefika begani."

Mlango ukaruka. Mwanga uliingia wote kwa pamoja na magunia mawili yakaanguka, na mbele yetu alisimama kijana wa miaka labda kumi na minane, shati la kijeshi, kaptura ya raia, bunduki mikononi. Alikuwa amesimama upande wa kulia wa mlango, na huko ndiko kichwa cha Zamzam kilikokuwa kinavutwa. Kwa hiyo dada yangu aligeuzwa polepole, bila kupenda, mpaka akawa anamtazama yule kijana usoni. Nusu yake ilikuwa ikipigapiga mbao za ukuta. Nusu nyingine ilimnyoshea mkono.

"Afande," alisema kwa ile sauti iliyopoa. "Nishike mkono. Usiogope. Inakaribia kwisha."

Kijana aliutazama ule mkono uliofunguliwa vidole. Kisha akarudi nyuma, akajikwaa kwenye gunia, akatoka akipiga kelele, "Majini! Majini iko hapa! Inasema mimi nimekwisha!" Tulisikia miguu ikikimbia, na nyingine ikaifuata. Hakuna aliyerudi kwenye safu ile ya stoo.

Nalongo aliingia, akamtazama Zamzam aliyekuwa sasa ametulia na kusinzia, akatutazama sisi. "Kumbe shetani yenu iko na kazi!" alisema, na akacheka mpaka akaketi chini na kulia.

Tangu siku hiyo Habuba hakuufunga tena mkono wa kushoto. Ulikuwa mkono wa Efendi, na Efendi alikuwa ametuokoa. Tulipanda lori la samaki mpaka Mbale, ambako Wanubi wenzetu walikuwa bado na uhai na msikiti, tukapangiwa chumba, na maisha yakaanza kujikusanya kidogo kidogo. Sukari haikupatikana, sabuni haikupatikana, lakini kikombe cha kahawa cha Efendi kilipatikana. Zamzam akajifunza kusuka tabaga kwa kushoto, kinyume na wanawake wote, nao walikuwa wakisogeza mikeka yao mbali naye. Alikuwa na bakuli lake na kikombe chake ambavyo hakuna mwingine aliyevigusa.

Ila kifafa kilikua pamoja naye. Kilikuja mara nyingi zaidi, na siku nyingine hakikuishia nusu. Kilivuka. Mkono wa kushoto nao ulianza kutikisika, na hapo maneno yalikatika katikati. Kwangu hiyo ilitisha kuliko kuongea kwake. Muuguzi mmoja wa jirani alimwambia Habuba kuna vidonge. Habuba akatia ngumu. "Nimfukuze aliyetuokoa? Kesho vita vikirudi, nani atasimama mlangoni?" Nami, niliyekuwa nikimwogopa yule wa kushoto kuliko kaburi, nilikubaliana naye. Ya Mungu mengi.

Kisha asubuhi moja Zamzam alikuwa akimimina uji wa kisira kwenye bamba la moto, kifafa kikamshika, na mkono wake wa kulia ukaangukia bambani ukabaki pale. Habuba, kwa sheria yake ile ile, alisita. Ni mimi niliyepiga kelele, na ni harufu ndiyo iliyomfanya Habuba amvute kwa vazi, si kwa mkono. Ndivyo tulivyofika kwa daktari, si kwa ajili ya kifafa bali kwa ajili ya kidonda.

Daktari alikuwa Mgisu wa makamo, amechoka, shati limeungwa kwenye kola. Alikuwa akisafisha kidonda wakati kona ya mdomo iliporuka. Habuba akainama kuvua viatu. "Efendi, karibu," alianza.

Daktari hakusogea ukutani. Aliweka pamba chini, akaushika mkono wa kushoto wa dada yangu kwa mkono wake mtupu, akainama karibu.

"Jina lako nani?" aliuliza.

Miaka yote ile tulikuwa tumeuliza unataka nini, umetoka wapi, tumekukosea nini. Jina hatukuuliza, kwa sababu jina tulikuwa tumelitoa wenyewe.

Nusu yake ya kulia ilikuwa ikirukaruka kwenye kitanda. Kichwa kilikuwa kimeanza kuvutwa. Na ile sauti iliyopoa ikasema, "Zamzam."

"Na huyu nani?"

"Habuba yangu. Mwambie avae viatu, sakafu ni baridi."

Habuba aliketi kwenye kiti, viatu mkononi. Kifafa kilipopita na Zamzam akasinzia, alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Daktari, huyo ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Mtoto anakula na mkono gani kama hakuna mtu anamuona?"

Habuba aliona haya. "Kushoto."

"Basi. Sikia. Kichwa iko na vyumba mbili. Ya kushoto inatuma mkono wa kulia, ya kulia inatuma mkono wa kushoto. Watu wengi, maneno yao inakaa chumba ya kushoto. Hiyo ikishika moto, mkono wa kulia inaruka na maneno inapotea, mtu hawezi kusema hata jina yake. Huyu aliungua chumba ya kushoto akiwa mtoto mdogo, kabla maneno haijakaa vizuri. Mimi nafikiri maneno yake ilihama, ikaenda chumba ya kulia. Siwezi kufungua kichwa nione, lakini nafikiri hivyo. Sasa moto ukiwaka huku, yeye iko kule, anaona yote."

"Maneno ilihama?"

"Ilihama, mama. Kama nyinyi mlitoka Jinja."

Habuba alivaa viatu vyake, kimoja kimoja, na machozi yakawa yanamdondokea juu ya vidole.

Zamzam alianza vidonge jioni ile, akavichukua mwenyewe kwa mkono wa kushoto na kuvimeza. Nilikaa macho nikisubiri kumsikia yule wa pili akifa. Sikusikia kitu. Asubuhi aliamka akaniita kichwa cha boga. Ule ukimya wake wa wakati wa chakula, niliokuwa nimeujengea elimu nzima, nilimuuliza. "Nilikuwa nimenuna," alisema. "Wewe ukifungwa mkono utaimba?" Kifafa hakikuisha kabisa, lakini kilipungua na hakikuvuka tena. Habuba aliendelea kumimina kile kikombe kwa muda, kisha siku moja akakinywa yeye.

Tulikuwa wanawake wazima tulipozungumza juu ya stoo ya Masese. Alikuwa akisuka tabaga hii hii, na mimi nilikuwa nikimchanganyia rangi. Nilimwambia nilichokuwa nikikisifu moyoni tangu siku ile ya daktari: kwamba alikuwa mtoto tu, nusu ya mwili imeondoka, na bado alipata akili ya kumtisha mtu mwenye bunduki.

Zamzam aliacha kusuka. "Sikumtisha."

"Ulimwambia akushike mkono."

"Ndiyo. Nilitaka anishike." Alivuta ukindu, akaulainisha kwa mate. "Nilikuwa naogopa sana. Nilikuwa naogopa kila mara. Ninyi mlikuwa mnasimama ukutani mnaniita jina la mtu mwingine, mpaka nikafikiri labda ni kweli, labda mimi siye mimi. Yule alikuwa mgeni. Nikaona, huyu hajui sheria ya Habuba. Huyu labda atanishika."

Niliweka chini bakuli la rangi na kumshika mkono, naye akauacha ushikwe kwa muda, kisha akasema nimemchelewesha kazi.

Tangu pale, kila kifafa kilipomshika, nilikuwa hapo. Alinitangazia kiwiko, bega, goti, nami nikamjibu, "Nimesikia, Zamzam. Nimekushika." Ilikuwa hivyo hadi ugonjwa mwingine, wa figo, ulipomchukua.

Siku ya kumwosha, mwanamke aliyesimamia alinikumbusha kwamba tunaanza upande wa kulia. Nilijua. Nilianza upande huo, kama sheria inavyotaka, binti yangu akimimina maji, nikapita juu ya lile kovu la bamba la kisira. Nilifanya yote kwa mkono mmoja, na yule mwanamke akanitazama vibaya. Mkono wangu wa pili ulikuwa umeshika wake wa kushoto tangu mwanzo, na sikuuachia mpaka zamu yake ya maji ilipofika.